Mara yako ya kwanza kuonja mvinyo Dodoma

Karibuni tena. Leo tuko Dodoma, na video hii ni ya mwenye miaka 18 na kuendelea ambaye hajawahi kuingia chumba cha kuonjea mvinyo.

Kwanza, piga simu kabla ya kuja. Hapa ni kiwandani, watu wako kazini, kwa hiyo uliza siku na saa wanayopokea wageni, na bei ya kuonja. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ukiweza, njoo Agosti au Septemba uone zinavyopokelewa. Kula ushibe, na siku hiyo usijipulizie manukato. Utaelewa sababu muda si mrefu. Gari liache nyumbani. Kutoka Dar es Salaam treni ya SGR inakufikisha vizuri tu.

Ukifika, usikimbilie meza. Omba uoneshwe matangi, na uulize kuhusu mchuzi. Mchuzi ndiyo juisi ya zabibu iliyokamuliwa, na wapo wakulima wanaouza mchuzi badala ya zabibu zenyewe, kwa sababu zabibu ikishakatwa haina subira. Mimi naona mgeni akishajua hilo, anaishika glasi kwa heshima nyingine.

Sasa tuonje. Tunaanza na mweupe, huu wa zabibu za Chenin Blanc, kisha mwekundu. Mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, hutangulia, mtamu hufuata, maana ulimi ukishazoea sukari, mkavu utauona mchachu bure.

Tazama mkono wangu. Glasi naishika kwenye mguu wake, si tumboni, nisiupashe mvinyo joto. Nainamisha juu ya karatasi nyeupe, naangalia rangi pale pembeni. Nazungusha taratibu, mara tatu nne. Halafu pua ndani kabisa, nanusa. Hapo ndipo manukato yako yangeharibu kila kitu, yako na ya jirani yako. Usitafute maneno makubwa. Ukisikia embe, sema embe.

Vuta funda dogo, lizungushe mdomoni hadi kwenye fizi. Huu mwekundu ni wa Makutupora, zabibu inayojulikana kwa mji huu. Unasikia ulimi unakauka, kama umekula bibo? Huo ni ukakasi, unatoka kwenye maganda na mbegu. Haujaharibika. Kunywa maji kidogo, ngoja, onja tena. Funda la pili ndilo linalosema kweli.

Kisha tema. Ndiyo, kwenye ndoo hii. Wageni wengi huona haya hapa, wanameza zote, na glasi ya tano hawaijui tena. Mwenyeji hakasiriki ukitema, ndoo kaiweka yeye.

Ukinunua chupa, nenda nayo hadi unakolala. Usiiache kwenye gari juani, jua la Dodoma litaipika kabla ya jioni.