Lisemwalo Lipo, Lakini Laja kwa Faida ya Nani?

Mhadhara kwa vijana na walimu, Ngome ya Lamu

Assalaamu alaikum. Namshukuru mwenyekiti kwa sifa alizonimwagia, nusu yake sizijui zimetoka wapi. Kwenye tangazo nimeandikwa kwamba nitazungumzia mustakabali wa teknolojia. Mustakabali anaujua Mungu. Mimi nitazungumzia gemu, na Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaowekwa badala ya Windows.

Naona wazee wa safu ya mbele wanatazamana. Tulieni, nanyi nitawafikia.

Kila shule zikifungwa, vijana hunijia dukani Langoni na swali lile lile, limebadilisha kanzu tu. Safari hii kanzu ni gemu ya Fortnite: "Mwalimu, tumesikia yaja kwenye Linux." Nani kasema? "Wanasema." Akina nani hao? "Watu, mwalimu, kila mahali." Halafu yule mjanja wao, namwona amekaa pale dirishani, ananifunga mdomo kwa methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Basi leo nitaijibu mbele ya mashahidi, kwa sababu nimechoka kuijibu kwa mtu mmoja mmoja huku nimeshika bisibisi.

Turudi 2010. Steam mnaijua, sina haja ya kueleza. Tangu 2003 lilikuwa duka la gemu la watu wa Windows. Mei 2010 wenyewe, Valve wa kule Bellevue, jimbo la Washington, wakalifikisha kwenye kompyuta za Mac. Sasa watu wa Linux hawana usingizi. Wakalifungua lile faili dogo linaloiamsha Steam kwenye Mac. Si siri, ni maandishi tu, unalifungua na kulisoma kama barua. Ndani wakakuta mistari inayouliza: mashine hii ni Mac au ni Linux? Lahaula! Faili la Mac linaulizia Linux ya nini? Michael Larabel, mwandishi wa Phoronix, tovuti ya habari za Linux, akatangaza kwamba jambo limethibitika, Steam yaja. Watu wakaanza kupigiana hongera. Wengine wakaapa kwamba Windows wataifuta wiki hiyo hiyo.

Agosti ikafika. Msemaji wa Valve, Doug Lombardi, akaulizwa. Akajibu kwamba kwa wakati huo hawakuwa wakitengeneza toleo lolote la Linux. Basi. Hongera zote zikarudi mfukoni.

Je, Larabel alisema uongo? Hata. Mtu akipita Matondoni akaona mkuku, ule uti wa chini wa chombo, umelazwa ufuoni, hajakosea akisema pale panaundwa jahazi. Lakini akikimbia mpaka uwanjani Mkunguni kuwaambia watu wafunge mizigo, chombo chatweka tanga kesho, huyo amewadhulumu. Mbao hazijapatikana. Fundi hajalipwa. Mwenye chombo anaweza kughairi na mkuku ukaishia jikoni. Mistari ile ilikuwa mkuku. Na nyinyi kila likizo mnanijia na mizigo imefungwa!

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu husinzia, na hapa ndipo penye maneno. Nini kilibadilika baadaye? Wapenzi wa Linux walikuwa wakiomba na kulalamika miaka nenda miaka rudi. Maombi hayo hayakumtikisa mtu. Kilichoitikisa Valve ni Windows 8.

Gabe Newell, mwanzilishi mwenza wa Valve, alifanya kazi Microsoft miaka 13 kabla ya kutoka na kuanzisha kampuni yake mwaka 1996. Anawajua wale watu. Julai 2012, kwenye mkutano Seattle, akasema waziwazi kwamba Windows 8 ni janga kwa kila mtu katika biashara ya kompyuta, na kwamba wanataka gemu zao zifanye kazi kwenye Linux kama kinga. Kinga dhidi ya nini? Windows 8 ilikuwa inakuja na duka la Microsoft lenyewe ndani yake. Na Steam ni nini? Duka! Linajulikana kwa kukata asilimia 30 ya bei ya gemu. Siku Microsoft ikiamua kila programu ipitie dukani kwake, Newell hana pa kusimama. Mwezi huo huo Valve ikatangaza rasmi kwamba inaileta Steam kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Agosti wahandisi wake wakaonyesha gemu yao, Left 4 Dead 2, ikitoa fremu, yaani picha, 315 kwa sekunde kwenye Linux, na 270.6 kwenye Windows, mashine ile ile. Novemba wakaanza majaribio na watu wachache. Tarehe 14 Februari 2013 mlango ukafunguliwa kwa wote.

"Si nilikwambia, mwalimu? Lilisemwa, likaja." Nakusikia, wa dirishani. Likaja, naam. Aliyeingia kidato cha kwanza siku uvumi unaanza, lilimkuta kidato cha nne. Na lilikuja kwa sababu tajiri mmoja alimwogopa tajiri mwenziwe. Wewe na mimi hatukuwamo kwenye hesabu hiyo. Tulikuwa chini ya meza, makombo yakatudondokea. Makombo matamu, sikatai, nami nimeyala.

Mtaniambia sababu haina maana, maadamu imefika. Ina maana sana, kwa kuwa ukiijua sababu unaweza kuupima uvumi unaofuata kabla hujamaliza bando lako kuufukuzia. Chukua hii Fortnite yenu. Ni ya kampuni ya Epic. Mwaka 2022 mkuu wao, Tim Sweeney, alisema hawana mpango wa kuileta kwenye Steam Deck, ambayo ni Linux ya mkononi, na akataja udanganyifu wa wachezaji: hawana imani kwamba wataweza kuwadhibiti wadanganyifu huko. Huyo hajaogopeshwa na mtu. Gemu nyingine, Apex Legends, ndiyo ilikuwa tayari inachezeka kwenye Linux. Mwishoni mwa 2024 wenye gemu wakafunga mlango, sababu ile ile ya wadanganyifu. Kwa hiyo kilichokuja huondoka pia, na hilo methali yako haikulitaja. Mtu akikwambia gemu fulani yaja, muulize: mwenye gemu anaogopa nini asipokuja? Akikosa jibu, rudi ukalale.

Wazee wangu, nimewafikia. Najua mnasema gemu ni upotevu wa wakati. Tukitoka hapa mlangoni, tutakuta nini Mkunguni? Bao na dhumna, na wachezaji ni wale wale waliokuwepo jana baada ya alasiri, na hakuna aliyeandikiwa mhadhara. Mimi sina ugomvi na bao. Lakini hawa watoto, ili gemu iamke kwenye Linux, imewabidi waijue kadi ya picha kwa jina, wasome ujumbe wa kosa mpaka mwisho, waandike amri kwa mkono. Printa ya shule ikigoma leo anaitwa mmoja wao. Haitwi mtu wa bao.

Nirudi kwenye jambo la hapa kwetu. Tarehe 1 Januari 2024 Steam iliacha kuzihudumia Windows 7 na Windows 8. Duka langu lilijaa. Kompyuta za mtumba, zile nyeusi nzito zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya, zikashuka Mombasa, zikavuka kutoka Mokowe ndani ya gunia. Unafungua kifuniko: vumbi la mchanga wa Shela, na chumvi imeshapanda kwenye meno ya ramu, kile kibao cha kumbukumbu ya kompyuta, kijani kibichi. Unayapangusa kwa kifutio cha penseli, unairudisha, inawaka. Mashine nzima! Imekataliwa na programu tu. Windows mpya haiwezi, itapumua kama mgonjwa wa pumu. Unaiwekea Linux nyepesi, Steam inaamka tena. Hilo si uvumi, nimelifanya kwa mikono hii.

Lakini msinisingizie nje. Nimesema Steam inaamka, sikusema kila gemu itacheza. Gemu nyingi za Windows hupita kwenye Proton, iliyotoka 2018 na imejengwa juu ya Wine, kazi ya watu wa programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzibadilisha, tangu 1993. Hiyo Proton ni mkalimani kati ya gemu ya Windows na Linux, na anataka kadi ya picha inayoielewa Vulkan, lugha ya kuichorea kadi hiyo. Mashine nyingi za kwenye gunia haziielewi kikamilifu. Mtacheza gemu ndogo na za zamani. Anayetaka kubwa akanunue mashine, asinilaumu mimi wala Linux.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengine, nitayapitia mbio. Steam yenyewe si programu huria, msidanganyane. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, aliandika mwaka 2012 kwamba gemu hizi kufika kwenye mfumo huria kunaweza kuleta heri na shari, na kwamba mtu akishaamua kuzitumia, bora azitumie huku kuliko kwenye Windows. Namwachia mwenyewe. Pili, wekeni nakala za mafaili yenu. Januari 2015 iligundulika kwamba hati ya kuiamsha Steam kwenye Linux, ukihamisha folda yake, ingeweza kukufutia mafaili yako yote, kwa mstari mmoja tu uliokosa kuhakikisha folda iko wapi. Tatu nilitaka kuzungumzia Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, ile kazi waliyoifanya wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, kompyuta ikaongea Kiswahili bila ya kumngojea tajiri yeyote aogope. Hiyo yataka siku yake, na mwenyekiti ameshasimama.

Jumamosi baada ya dhuhuri nitakuwa dukani. Anayetaka Linux aje na kompyuta, chaja yake, na flashi ya gigabaiti nane au zaidi. Flashi iwe tupu. Si ile yenye picha za harusi ya dada yako, kwa sababu nitaifuta yote, kisha mama yako atakuja Langoni kunitafuta mimi. Maswali?