Makaburi ya Ukoo: Pale Ambapo Mama Hauzwi

Ndugu zangu, nazungumzia makaburi ya Wamarekani weusi waliotoka utumwani wakapata mashamba yao wenyewe. Nianze na daftari. Sensa ya Marekani ya mwaka 1850, na ile ya 1860, zilikuwa na daftari la watumwa peke yao. Jina linaloandikwa ni la bwana. Chini yake: mwanamke, miaka 40; mtoto wa kiume, miaka 3. Basi. Mpaka sensa ya 1870, utumwa ulipokuwa umekwisha, ndipo wengi wao walipoandikwa kwa majina.

Na majina hayo yana makovu. Katika wilaya ya Custer, Nebraska, Jerry Shores na Moses Speese, waliokuwa watumwa, walichukua mashamba jirani. Ni ndugu, lakini kila mmoja alibaki na jina la bwana aliyemmiliki.

Sheria ya mashamba ya 1862 (Homestead Act) ilimruhusu mtu kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali, ardhi iliyonyang'anywa wenyeji asilia. Akikaa miaka mitano, akajenga na kulima, anapewa hati. Mwaka 1866 ikaja sheria nyingine kama hiyo kwa majimbo matano ya kusini, ikafutwa 1876. Huko sehemu kubwa ilikuwa msitu na kinamasi, na wengi walishindwa.

Aliyeweza kukaa, siku moja alifiwa. Hapa naomba tutue kidogo. Huyu ni mtu ambaye pengine mama yake aliuzwa, asijue hata alikozikwa. Sasa anachagua mwinuko ndani ya shamba lake, chini ya mti, anachimba. Mume analala kando ya mke, mtoto miguuni pao, na hakuna wa kuja kuwapiga mnada.

Maiti alilazwa kichwa magharibi, ili siku ya kufufuliwa aamke akilitazama jua likichomoza. Wasio na pesa za fundi wa mawe walisimamisha jiwe la shambani, au walimwaga saruji na kuandika jina kwa msumari kabla haijakauka. Juu ya kaburi waliweka kikombe, sahani, makombe ya baharini, taa. Vingi vimevunjwa kwa makusudi. Watafiti wanaiunganisha desturi hiyo na Wakongo, watu wa Afrika ya Kati. Kwangu mimi kile kikombe kina uzito kuliko mnara wowote: kimeguswa na midomo ya marehemu.

Mashamba mengi yamepotea. Mzee alikufa bila wosia, ardhi ikawa ya warithi wote kwa pamoja. Mgeni akanunua fungu la mmoja, akaenda mahakamani kuomba ligawanywe, shamba zima likauzwa. Makaburi yakabaki nyuma ya uzio wa mtu mwingine, msitu ukayafunika.

Ndiyo maana wanaoyatafuta leo hawaanzi na mawe. Wanaangalia ardhi iliyodidimia kwa urefu wa mtu, kutoka magharibi kwenda mashariki. Na wanatafuta mmea mmoja utambaao, wa kijani mwaka mzima, wenye maua ya buluu. Hauoti pale wenyewe. Kuna mkono ulioupanda.