Albamu Inayohukumiwa kwa Kisichokuwemo

Ahsanteni, kaeni. Naona humu ndani wamo walionisikia nikilisema jambo hili zaidi ya mara moja, na wawili watatu nimewaona wakitazamana nilipotaja jina la albamu. Nitalisema tena, kwa sababu bado halijasikika. John Henry ya They Might Be Giants, iliyotoka Septemba 1994, haijawahi kuhukumiwa kwa kilichomo. Imehukumiwa kwa kisichokuwemo. Mtu akikueleza kwa nini haipendi, mwache amalize, usimkatize. Utakuta amekuorodheshea vitu ambavyo albamu haina, na wimbo hata mmoja hajautaja.

Bendi yenyewe sitawaeleza ni akina nani. John Flansburgh na gitaa, John Linnell na akodiani, Brooklyn, New York, tangu 1982. Msingekuwa mnawajua msingekuja.

Ila mashine lazima niiseme, kwa kuwa ugomvi wote ulianzia hapo: kwenye John Henry waliiweka kando, wakarekodi na bendi kamili. Kwa takriban miaka kumi watu hawa hawakuwa na mpiga drams. Walikuwa na mashine ya ngoma na mkanda uliorekodiwa mapema. Chochote ambacho mikono minne haikuweza kukipiga jukwaani kilitoka kwenye mkanda. Na mkanda ukishaanza, umeanza. Huwezi kuuambia usubiri watu wamalize kucheka. Huwezi kuurudisha kwenye kiitikio kwa kuwa ukumbi umekolea. Wawili hao walijifunza kuimba ndani ya kipimo hicho, na kipimo hicho ndicho kilichowalea: nyimbo fupi zisizopoteza neno, ubeti unaoingia kwa sekunde ileile kila usiku. Nyimbo nyingine walizipachika kwenye mashine ya kupokea ujumbe wa simu, ile huduma yao ya Dial-A-Song. Ulipiga namba ya Brooklyn ukasikia wimbo mmoja, basi, simu ikakatika. Mtu anayejua kwamba msikilizaji wake ameshika simu hawezi kuanza na utangulizi wa dakika mbili.

Kwa hiyo sisemi kwamba mashine ilikuwa pambo. Mashabiki waliolia ilipoondoka hawakuwa wapumbavu, na nawaomba wanaoitetea albamu hii pamoja nami waache kuwabeza. Walipoteza kitu cha kweli. Flood, albamu yao ya 1990, iliwafikia watu wengi mno kwa mapigo hayohayo ya mashine. Wimbo unaosimuliwa na taa ya usiku yenye umbo la kanari wa buluu ulifika nafasi ya 6 Uingereza! Wewe ulikuwa kijana wa miaka kumi na mitano, unajihisi wa ajabu kuliko wenzako, halafu redio inakuletea taa inayoongea. Sauti ya namna hiyo humwingia mtu kwenye mifupa, akaja kudhani sauti na bendi ni kitu kimoja.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo, na mwenzangu anayeshika saa anisamehe.

Mimi nilikuwa na kaseti ya Flood niliyoisikiliza mpaka maandishi ya ubavuni yakafutika. John Henry iliponifikia nilisikiliza nyimbo tano, nikazima. Nilizima kwa hasira, ile hasira ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta kufuli imebadilishwa. Nikampa rafiki yangu mmoja ambaye hakuwahi kusikia hata noti moja ya bendi hii. Sikumpa kama zawadi, nilitaka tu itoke machoni pangu. Wiki mbili baadaye nikamtembelea, naye akaiweka, na kwa heshima ya mwenyeji nikakaa, tukaisikiliza tangu wimbo wa kwanza hadi wa ishirini.

Nakumbuka nilivyokuwa nikinung'unika. Drams zimefunika maneno. Besi nzito. Hapa mashine ingepiga vizuri zaidi. Pale wangemaliza mapema. Wimbo baada ya wimbo. Mwenzangu naye alikuwa na maneno yake, lakini ya namna nyingine kabisa. Huyu mfungwa anayepanga njama, hao watu wa pangoni anaowataja si wale wa yule mwanafalsafa wa Kigiriki? Ndio, ni pango la Plato, kwenye wimbo wa tarumbeta na saksafoni unaokufanya utake kucheza kwa foleni ukumbi mzima. Na hawa wanaume wanaoimba pamoja bila ala, ni kwaya ya wapi? Ni kundi liitwalo Hudson Shad. Mbona huyu kijana anayelalamika kwamba hapewi nafasi ya kubandika bango lake anaanza kwa maneno makubwa namna hii? Kwa sababu ni maneno ya ufunguzi wa shairi la Allen Ginsberg, Howl, yamewekwa kinywani mwa mtu ambaye shida yake kubwa duniani ni bango. Nilikuwa nikimjibu huku najisikia ajabu, kwa kuwa nilikuwa nimezisikia nyimbo hizo nami na sikuwa nimejiuliza hata swali moja kati ya hayo. Kisha, ulipofika wimbo wa Meet James Ensor, akaniuliza, "Huyu Ensor ni nani?" Sikujua. Nikamjibu kwamba wimbo ule kwa mashine ya ngoma ungekuwa mtamu zaidi.

Akanigeukia akasema, "Ndugu yangu, wewe unasikiliza albamu gani?"

Miaka imepita na sijapata jibu zuri. Nilikuwa nikisikiliza Flood. Ilikuwa haipigwi mahali popote chumbani mle isipokuwa kichwani mwangu, na mimi nilikuwa nikiilinganisha sekunde kwa sekunde na ile iliyokuwa ikipigwa. Yeye ndiye aliyekuwa peke yake na John Henry. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Sikio lenye mazoea halisikilizi, linakagua, kama mwenye nyumba aliyerudi baada ya kupangisha: kiti hiki hakikuwa hapa, pazia hili nani kaliweka. Kila alichokisema ni kweli, na bado hajaiona nyumba.

Najua kuna atakayesema: basi unatulazimisha kuipenda. Hapana, na nimechoka kujibu hili. Mimi mwenyewe nina malalamiko. Nyimbo ishirini, karibu saa nzima, ni nyingi. Nusu ya pili inalegea, kelele za wimbo wa Stomp Box zinanichosha hadi leo, na kama ningepewa mkasi ningetoa nyimbo nne bila kusita. Ukiniambia hivyo nitakupa mkono. Hayo ni malalamiko juu ya kitu kilichopo. Ninachokikataa ni hukumu ya mtu anayesema "si kama zamani" akadhani amekwisha kusema kitu juu ya muziki. Amesema juu yake mwenyewe.

Wengine husema waliuza roho. Mwaka 1994, magitaa makubwa kila redio, kampuni kubwa ya Elektra nyuma yao, basi bila shaka waliambiwa tafuteni mpiga drams. Hoja hii nimeisikia ikisemwa kwa uhakika sana na watu waliosahau kalenda. Walianza kupiga na bendi kamili jukwaani wakati wa ziara ya albamu yao Apollo 18, mwaka 1992. Albamu ilikuja baada ya jukwaa, haikutangulia. Walikwisha kuonja kumgeukia mtu aliyekaa nyuma yao na kuona anawajibu. Umelelewa na mkanda miaka kumi, halafu siku moja unarefusha neno na ngoma inakusubiri. Kweli ungerudi kwenye mkanda? Na tazameni kilichotokea kwenye Spy, wimbo wa albamu hii. Jukwaani mwisho wake uligeuka kuwa mchezo: mmoja anaongoza kwa mikono, bendi inalipuka na kunyamaza kwa ishara yake, kila usiku kwa namna tofauti. Mkanda ungekufa kabla ya kufanya hivyo.

Na jina lenyewe! Hili linaniumiza kichwa, kwamba watu waliinunua albamu, wakasoma jalada, wakalalamika mashine imeondolewa, na jina liko mbele ya macho yao. John Henry ni yule mtoboa miamba wa ngano za Wamarekani, aliyeshindana na mashine ya mvuke kwenye ujenzi wa reli. Mara nyingi ngano humweka kwenye handaki la Big Bend, West Virginia. Mtu dhidi ya mashine. Wasingeweza kusema waziwazi zaidi. Ila kumbukeni hadithi inavyokwisha: John Henry anashinda, kisha anaanguka na kufa, nyundo mkononi. Kwangu hilo ni jina la watu wanaojua gharama ya wanachokifanya. Hawakuwa wakishangilia kifo cha mashine. Walijua huenda ushindi huo ungewaua.

Haukuwaua, kama mnavyojua. Kwenye chati ya Billboard albamu ilifika nafasi ya 61, na haikupitwa na albamu yao nyingine, ukiacha zile za watoto, mpaka Join Us ya 2011. Mkumbuke hilo mnapoambiwa kwamba watu waliikimbia.

Nilitaka pia kuzungumzia maneno ya nyimbo, kwa wale wanaodai uajabu ulikufa pamoja na mashine, lakini naona saa. Niseme moja tu. Kwenye albamu hii kuna wimbo wa huzuni ambao maneno yake yameshonwa kwa majina ya nyimbo za mwanamuziki wa roki Alice Cooper, moja baada ya jingine, kama kijana aliyejifungia chumbani asiyekuwa na lugha nyingine ya kusemea majonzi yake zaidi ya ile ya sahani zake. Ukitaka uajabu mkubwa kuliko huo, sijui utautafuta wapi. Uajabu wao haukukaa kwenye ngoma tangu mwanzo. Ulikaa kwenye swali la nani anazungumza ndani ya wimbo: taa, mfungwa, mtu anayeshukuru kurudishwa kwenye gamba la konokono. Ngoma ilikuwa sakafu tu.

Kuhusu albamu zilizofuata nitapita mbio. Factory Showroom, 1996, wakaenda maabara ya Edison kule West Orange, New Jersey, wakarekodi wimbo kwenye silinda ya nta bila umeme, teknolojia ya karne ya kumi na tisa. Watu walewale waliosemwa wameisaliti mashine! Mwaka 1999 wakatoa albamu nzima kwa njia ya intaneti peke yake, wakati wengi wetu hatukuwa na kompyuta ya kuipokelea. Mwaka 2002 wakatoa albamu ya watoto, na kilio kikaanza upya, cha walewale, kwa maneno yaleyale. Mink Car nilikuwa nimeiandalia sehemu nzima, ile iliyotoka Septemba 11, 2001, siku ambayo hakuna aliyekuwa na sikio la muziki. Naiacha.

Sikuwajibu kuhusu Ensor. Nilimtafuta baadaye, kwa aibu ya kutomjua. James Ensor, mchoraji wa Ubelgiji, alizaliwa 1860 mjini Ostend na akaishi humo karibu maisha yake yote. Familia yake ilikuwa na duka la makombe ya pwani, vinyago vya kuvaa usoni na vitu vya ukumbusho, na vinyago hivyo vikaingia kwenye picha zake mpaka hujui uso ni upi. Mwaka 1888 alichora picha kubwa kabisa ya Kristo akiingia Brussels, katikati ya umati wa nyuso za vinyago ambao karibu hauoni kwamba yumo. Wenzake wa Les XX, kundi ambalo yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, waliikataa. Hawakuwa maadui zake. Walikuwa watu waliozijua kazi zake kuliko yeyote na waliokuwa na picha yao ya Ensor kichwani. Ilikaa naye nyumbani, na umma haukuonyeshwa mpaka 1929. Leo iko Los Angeles, watu wanapanda ndege kwenda kuitazama.

Nilipolijua hilo nikaurudia wimbo, kwa mara ya kwanza bila Flood chumbani. Ni wimbo wa furaha, unakualika ukutane naye, na ndani yake umati unajibana kwenye dirisha la mchoraji ukigombea kuwa wa kwanza kumwona. Drams zilikuwa pale pale zilipokuwa siku zote. Sikuwa na habari nazo.

Fundi, tafadhali, ni wimbo wa kumi na tano. Haufiki hata dakika mbili. Maswali yenu nitayapokea ukishakwisha.