Umbo la Bawa kwenye Turbini ya Mhimili Wima

Ndugu zangu, karibuni. Leo tuzungumzie bawa la turbini ya upepo ambayo mhimili wake umesimama wima.

Mwaka 1931 Mfaransa Georges Darrieus alipewa hataza ya Marekani kwa turbini ya namna hii. Upepo utoke upande wowote, inaupokea bila kugeuzwa, na jenereta yake inaweza kukaa chini, karibu na fundi. Mbona basi haikuenea kama zile za mapanga matatu? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye bawa.

Katika kila mzunguko, pembe ambayo kwayo bawa hukutana na upepo hupanda, hurudi sifuri, kisha hugeukia upande wa pili. Bawa likienda kwa kasi mara nne ya upepo, hesabu rahisi inatupa pembe ya juu ya nyuzi 14 hivi. Likienda mara mbili tu, pembe inafika nyuzi 30! Na bawa la kawaida, likizidi nyuzi 12 au 15, hewa hubanduka mgongoni mwake. Nguvu ya kuinua huporomoka, ukinzani hupaa. Ndiyo maana turbini hizi husumbua kuanza kuzunguka zenyewe: kasi ndogo ndiyo yenye pembe mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo mimi huchagua umbo kwa kutazama pale bawa linapoteseka. Chukueni umbo sanifu la bawa liitwalo NACA 0012, ambalo unene wake ni asilimia 12 ya upana wake. NACA 0018 na 0021 ni manene zaidi, na pua zao, yaani kingo zao za mbele, zimeviringika zaidi. Huishika hewa hata pembe ikikua, tena ni imara. Gharama yake ni ukinzani zaidi turbini ikishika kasi. Kwa turbini ndogo, mimi nailipa gharama hiyo bila kusita.

Wengine hulipinda bawa ili lianze kwa wepesi. Nawaomba wawe waangalifu: nusu ya mzunguko upepo hulipiga upande usiotakiwa. Isitoshe, hata bawa linganifu, yaani lenye pande mbili zilizo sawa, kwa kuwa linakwenda kwenye duara, hukutana na hewa kana kwamba limepinda. Jambo hili hunifurahisha kila nikilifundisha.

Kuna pia umbo la bawa zima. Shikeni kamba ncha mbili, mwizungushe kama watoto wanaoruka kamba: mpindo ule ndio Darrieus ya mviringo, na unalifanya bawa livutwe tu, lisikunjwe. Mabawa yaliyosokotwa, kama ya mhandisi Alexander Gorlov, hutawanya msukumo kuzunguka duara lote, mtikisiko ukapungua.

Hapa mezani kuna vipande viwili, 0012 na 0018. Njooni mvishike, mpitishe kidole puani.