Besi za zamani: pima kwanza, ndipo utafute kipuri

Wazee wetu, shikamooni. Mafundi na wanamuziki wote, karibuni.

Tabora imelea Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, kwa hiyo gitaa la besi halihitaji kutambulishwa hapa. Nitategemea zaidi besi za kampuni ya Kimarekani ya Fender, yaani Precision ya mwaka 1951 na Jazz ya 1960, kwa sababu besi nyingi za baadaye, za Kijapani zikiwemo, zimefuata umbo na umeme wake. Ombi langu ni moja: usifanye lolote ambalo fundi atakayekuja baada yako hataweza kulitengua. Rangi iliyochubuka haidhuru sauti. Tundu jipya kwenye bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, haliondoki tena.

Anza na maltimita, kipimo cha umeme. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua sauti mpaka mwisho, pima ohm kati ya ncha na shina la plagi. Precision yenye pikapu (sumaku na koili ya waya inayonasa mtikisiko wa nyuzi) iliyogawanyika, ile ya kuanzia 1957, husoma karibu kilo-ohm 10. Kwenye Jazz, funga sauti ya pikapu moja. Nyingine itasoma karibu 7. Ukizifungua zote mbili namba hushuka hadi nusu, na huo si ubovu, maana zimeungwa sambamba. Precision ikisoma karibu 250, koili imekatika na potenshometa, yaani kidhibiti cha sauti unachozungusha, ni nzima. Ikisoma sifuri, kuna mgusano, na mara nyingi uko kwenye tundu la plagi. Watu wengi hutuma pesa Kariakoo kununua pikapu kabla ya kipimo hiki, na wakati mwingine kilichohitajika ni tone moja la risasi ya kulehemu.

Koili ikiwa imekatika, tazama kwanza miisho ya waya pale unapoungana na vijicho vya chini. Ukiona ukijani wa kutu, hapo ndipo. Usigonge wala kusukuma sumaku: kwenye pikapu za zamani za Fender waya umezungushwa moja kwa moja juu ya sumaku, ukiisogeza unakata mzunguko wa ndani kabisa. Kama mkato uko ndani, inabidi kuzungusha upya kwa waya wa shaba wa milimita 0.063, na kila nusu ya pikapu ya Precision huchukua mizunguko inayokaribia 10,000. Waya wa mafundi wa kuwaindi mota ni mnene mno, hautaenea. Kabla ya kufungua, andika mzunguko ulielekea upande gani. Nusu mbili za Precision zimepingana kwa makusudi, sumaku na mzunguko. Ukikosea nusu moja, mvumo wa umeme utarudi.

Kisha nta, na hapa Tabora tuna bahati. Koili iliyolegea hupiga mluzi spika ikiwa karibu. Chukua sehemu nne za nta ngumu ya mishumaa (parafini, si mafuta ya taa) na sehemu moja ya nta ya nyuki iliyochujwa vizuri. Nta yenye masega na vumbi haipenyi. Yeyusha kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya mkaa moja kwa moja, kwa kuwa mvuke wake hushika moto. Tumia kipimajoto, shikilia nyuzi 65. Nta tupu ya nyuki huhitaji joto zaidi, na plastiki ya zamani hujipinda. Zamisha pikapu bila kifuniko mpaka mapovu yaishe, kama dakika 15 hadi 20.

Potenshometa ikikwaruza, isafishe kwa dawa ya kusafishia umeme na uizungushe mara nyingi. Mafuta ya cherehani hunasa vumbi, achana nayo. Za redio mara nyingi ni 10K au 50K, na zinaua sauti ya juu. Tafuta iliyoandikwa A250K. Ukipata A500K tu, lehemu rezista ya 500K kati ya miguu miwili ya pembeni, utapata 250K. Shina la Kimarekani ni milimita 6.35, la Kijapani kwa kawaida ni 6. Tundu la kufungia potenshometa likiwa kubwa weka washa. Likiwa dogo tafuta potenshometa nyembamba, usipanue. Ile ya zamani ihifadhi hata kama imekufa: namba 304 6620 mgongoni, kwa mfano, husema mtengenezaji ni Stackpole, wiki ya 20 ya 1966. Kapasita ya toni ni rahisi, ile ya filamu yenye namba 473 hupatikana kwenye bodi za televisheni mbovu.

Kizingiti cha nyuzi kilichovunjika mwanzoni mwa shingo huchongwa kutoka mfupa wa muundi wa ng'ombe, uliochemshwa mafuta yakatoka na kukaushwa. Gundi iwe tone moja tu.

Mwisho, shingo. Kwenye Fender za zamani nati ya chuma cha ndani kinachonyoosha shingo iko upande wa bodi: legeza nyuzi, toa skrubu nne, zungusha robo tu, rudisha na upime. Bana uzi kwenye freti (vipande vya chuma vilivyokatiza shingo) ya kwanza na ya mwisho. Nafasi juu ya freti ya 7 iwe karibu milimita 0.3. Kiangazi mbao husinyaa na ncha za freti hujitokeza pembeni. Huo ndio wakati wa kuzipiga tupa. Mvua zikishaanza, Novemba, pima nafasi hiyo tena kabla ya kugusa nati.