Kalenda ya Shule na Kalenda ya Shamba: Mzazi Aingie Wapi?

Mbukwenyi, wazazi. Walimu wakuu, wenyeviti wa kamati za shule, watendaji wa vijiji, habari za asubuhi. Nitakwenda moja kwa moja kwenye shughuli, maana mawingu yameanza kujikusanya na najua wapo humu walioacha shamba halijasafishwa.

Na hilo ndilo jambo lenyewe nililokuja nalo. Mwaka wa shule unaanza Januari. Mzazi wa Dodoma, Januari, yuko kwenye palizi na ghala lake linaonyesha sakafu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Sasa angalieni: sare, madaftari, mchango wa chakula, mkutano mkuu wa wazazi, vyote tunaviomba Januari na Februari, miezi ambayo mzazi hana fedha, hana nafaka na hana muda. Ikifika Juni na Julai, mtama na uwele umepurwa, alizeti imeuzwa, shule imefunga au imekaa kimya. Kisha tunaandika kwenye taarifa kwamba wazazi hawana mwamko.

Nianze na chakula, kwa sababu hapo ndipo ushirikiano wa shule na wazazi unapojengeka au kuvunjika.

Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto mmoja akila makande ya gramu 100 za mahindi na gramu 30 za kunde kwa siku, mwaka mzima anahitaji kilo 20 za mahindi na kilo 6 za kunde, kwa kukadiria. Kilo 20 ni debe moja na sado moja, lile kopo la lita nne. Mwambieni mzazi hivyo hivyo: debe moja na sado moja ya mahindi, na kunde sado mbili kasoro kidogo. Akisikia "mchango wa chakula" anaogopa, hajui mwisho wake uko wapi. Akisikia debe na sado anapiga hesabu palepale na kujua watoto wake watatu wanadai nini. Nasema kunde makusudi. Shule nyingi zinaandika maharage kwa mazoea, wakati kwa mvua zetu kunde, choroko na mbaazi ndivyo vinavyotoka shambani kwa mzazi, na maharage anayanunua.

Shule ya watoto 600 ikikusanya yote hayo, ni magunia 120 ya mahindi. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu magunia 120 hayakai kwenye kona ya ofisi ya mwalimu mkuu. Yanataka chumba kikavu chenye mlango wa kufuli mbili, moja ya shule na moja ya kamati, magunia yapangwe juu ya mbao, yaachane na ukuta ili mtu aweze kupita nyuma yake. Chumba hicho hakipo? Basi kusanyeni kwa awamu mbili, Julai na Septemba, au anzeni na uji peke yake. Uji wa gramu 50 za unga kwa mtoto unapunguza nafaka kwa nusu. Kikombe cha mililita 300 kwa watoto 600 ni lita 180, yaani ndoo tisa za lita 20. Ukinyweka saa nne asubuhi unafanya kazi kubwa kuliko makande ya saa nane ambayo mtoto wa darasa la kwanza hayasubiri, maana huwa ameshaondoka.

Siku ya kupokea nafaka, jambo la kwanza ni ukavu. Wengi hapa mnakumbuka mwaka 2016, sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wa nafaka, ilipoua watu Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Kuvu huanza kwenye mahindi yaliyoanuliwa mabichi au yaliyokaushwa chini kwenye udongo. Kipimo cha bei nafuu ni chupa ya kioo na chumvi. Chukua chupa kavu kabisa, weka mahindi mpaka theluthi, tia vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili au tatu, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu mwingi. Mzazi arudi nayo akayaanike juu ya turubai, hata kama ni shemeji yake mwenyekiti. Ninasisitiza hilo la shemeji kwa sababu debe moja bichi likimwagwa kwenye gunia linaharibu gunia zima, na hakuna atakayejua lilikuwa la nani. Chumvi isipoganda, bado toeni punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi, kisha hifadhini kwenye mifuko ile yenye nailoni mbili ndani isiyopitisha hewa. Ila mfuko huo hauokoi mahindi mabichi. Unazuia dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, haukaushi.

Jikoni, kosa la kawaida ni kupima kwa macho. Mpishi mmoja akiondoka, mwingine anakuja na bakuli lake, na ikifika Oktoba stoo ni tupu. Azimeni mizani siku moja tu. Pimeni kilo 10, mimineni kwenye ndoo ya jikoni, pigeni mstari wa rangi pale nafaka ilipoishia. Watoto 600 ni mistari sita, wakija 480 ni mistari mitano kasoro. Idadi ya kupikia itoke kwenye rejista ya asubuhi hiyo, isitoke kwenye idadi ya walioandikishwa. Mahindi na kunde zilowekwe usiku kucha, zinaiva mapema na kupunguza kuni. Kuhusu kuni zenyewe, agizo la Serikali linazitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa, kwa hiyo jiko mnalojenga mwaka huu lijengwe kwa kufikiria hilo.

Kuna suala la asiyetoa. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016 umeweka wazi majukumu: ada na michango ya lazima imeondolewa, mzazi anabaki na sare, madaftari, kalamu na chakula cha mtoto. Lakini hakuna mahali panapomruhusu mwalimu kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu debe halijafika. Mkifanya hivyo mnapoteza mara mbili, nafaka hamjaipata na mtoto mmemkosa. Bibi anayelea wajukuu, kaya isiyo na shamba, mgonjwa: majina yao yapitishwe mapema kwenye mkutano wa kitongoji, mbele ya watu. Wengine wataleta maji au watafagia jiko, wengine hawataleta chochote. Likiamuliwa Juni kwenye kitongoji, Julai hakuna kelele kwenye mizani.

Sasa mahudhurio. Walimu, rejista mnayo, lakini mnaijumlisha kwa mwezi na kupeleka asilimia. Jumlisheni kwa siku ya wiki. Mtaona siku ya mnada inaporomoka peke yake, kila wiki, na wanaokosekana ni wavulana wa darasa la nne na kuendelea, maana ndio wanaoswaga mbuzi. Kisha angalieni Machi na Aprili, mtama na uwele unapotia maziwa na kwelea kwelea wanatua. Hapo watoto wako shambani wanaamia ndege. Dawa za matatizo haya mawili hazifanani. Siku ya mnada inazungumzika: kaya tatu nne ziunganishe mifugo na kumtoa mtu mzima mmoja kwa zamu. Kwelea kwelea ni wagumu zaidi, kwani wanashambulia alfajiri na jioni, na mzazi akikosa mtu wa kuamia anakosa chakula cha mwaka. Kilicho karibu na uwezekano ni mtu mzima kushika asubuhi na mtoto kuingia zamu baada ya masomo. Mkitangaza faini, mzazi atakubali kwa mdomo mkutanini na kesho mtoto yuko shambani.

Hapa ndipo Umoja wa Wazazi na Walimu, UWW, unapokuwa na maana. Mzazi wa kike na wa kiume kutoka kila darasa, wapewe na mwalimu wa darasa majina ya waliokosa siku tano ndani ya mwezi, wafike nyumbani. Mzazi humweleza mzazi mwenzake mambo ambayo mwalimu hataambiwa.

Kusoma. Mtoto anayemaliza darasa la pili anatarajiwa kusoma kama maneno 50 kwa dakika na kuelewa anachosoma. Mzazi ambaye hakusoma anaweza kupima hili, na naomba niwaonyeshe. Mpe mtoto kitabu chake. Funika picha kwa kiganja. Mwache asome mstari, kisha weka kidole kwenye neno la katikati ya ukurasa na umwambie asome hilo peke yake. Halafu lingine chini yake, halafu lingine juu. Anayesoma kweli atakwama kidogo na kuendelea. Aliyekariri ataanza upya kutoka mwanzo wa mstari ili alifikie neno, au atakutazama usoni. Hapo umeshajua, na hukuhitaji kujua herufi hata moja. Mpelekee mwalimu taarifa hiyo wiki hiyohiyo, usisubiri ripoti ya Juni. Mara nyingi utakuta silabi za ba, be, bi anazo, kinachomwangusha ni herufi zinazokaa pamoja: mb, nd, ng', mw, kw. Hilo ni tatizo la wiki chache kwa mtoto wa miaka minane. Akiwa darasa la sita limeshageuka kuwa tatizo la kila somo. Dakika 15 zinatosha, kabla jua halijazama, kabla hajatumwa maji.

Nifike kwenye matokeo, na hapa walimu wakuu mnivumilie.

Darasa la saba wanafanya masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Kuanzia 121 mtoto ana daraja C, amefaulu. Chukueni mfano: Kiswahili 38, Uraia na Maadili 27, Maarifa ya Jamii 24, Sayansi na Teknolojia 20, Kiingereza 8, Hisabati 6. Jumla 123. Kafaulu. Nyumbani wamechinja kuku. Lakini Kiingereza ana E na Hisabati ana E, na Januari anaingia kidato cha kwanza ambako karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Mzazi wake hakuonyeshwa alama za kila somo, alisomewa jina na herufi moja. Someni kwa somo, mzazi aone.

Na asilimia ya ufaulu inayobandikwa ukutani inahesabu waliofanya mtihani. Tuseme miaka saba iliyopita mliandikisha watoto 120. Septemba hii wamekaa 68, wamefaulu 60. Ukutani mtaandika asilimia 88. Mkirudi kwenye rejista ya darasa la kwanza, waliofaulu ni nusu. Wengine wamehama kihalali, sawa, na wengine wamehamia kwenu. Waondoeni, wahesabuni, lakini wale ambao hakuna anayejua walikokwenda, kamati ya shule inapaswa kuwa na orodha ya majina yao. Baraza la Mitihani lenyewe limeacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora, sijui kwa nini vijijini bado tunashindania ubao.

Fedha nitazipitia haraka. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo 6,000 zinakuja shuleni na 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 inapata takriban shilingi 300,000 kwa mwezi kwa chaki, mitihani, ukarabati na vingine vyote. Bandikeni hesabu hiyo kwenye ubao wa matangazo kila mwezi, kwa tarakimu kubwa. Mzazi akiiona mara tatu mfululizo, ile hoja ya "Serikali imeleta hela zote, mwalimu kazila" inakosa miguu. Msipoibandika, msilalamike ikisimama.

La mwisho ni la kujiandaa mapema. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Watoto walioanza darasa la tatu mwaka huo wanamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo walio mbele yao wanamaliza darasa la saba. Madarasa mawili yanatoka kwa pamoja na yote yanaelekea kidato cha kwanza 2028. Wazazi wenye watoto wawili wanaofuatana kwa mwaka mmoja, hesabuni sare mbili, madaftari mara mbili na safari mbili za shule ya kata kwa mara moja, na mahali pa kuanzia ni mavuno ya alizeti ya mwaka utakaotangulia. Kamati za shule, wekeni jambo hili kwenye ajenda ya kikao cha Julai, wakati watu wanaweza kuja na wana kitu cha kusema. Ukumbi uko wazi kwa maswali, na tuanze na kina mama wa upande ule wa mlangoni, maana wao ndio wenye safari ndefu.