Rangi Isubiri Trekta Lilime Kwanza

DADA: Kamwene wasikilizaji, kuanzia Mafinga mpaka Tukuyu. Fundi, leo nimekuja na jambo la nyumbani kwetu. Trekta la marehemu baba, Massey Ferguson 135, tumelitoa kwenye kibanda lilikokaa miaka. Injini imeshatengenezwa. Sasa kila ndugu anayepita pale anauliza swali moja tu: rangi lini?

FUNDI: Hongera, dada. Hizo zilitengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, na ile injini ya Perkins ya silinda tatu bado inafufuka ukiitunza. Ila nami nina swali. Limeshalima?

DADA: Bado. Limewaka wiki iliyopita, likatembea mpaka barabarani likarudi.

FUNDI: Basi rangi bado. Kuwaka si kulima. Likisimama gereji oili ni nzito, kila kitu kinaonekana kikavu. Lipeleke shambani na plau, lifanye kazi saa nne mfululizo, oili ipate moto iwe nyepesi, haidroliki inyanyue na kushusha plau. Hapo ndipo sili, zile pete za kuzuia oili isivuje, zinapoanza kusema ukweli.

DADA: Umeshaliona hilo kwa macho yako?

FUNDI: Nimeumia nalo. Ilikuwa mwezi wa kumi, mwenye trekta ana haraka ya msimu, nami nikakubali. Nikapuliza nyekundu kwenye boneti na madigadi, kijivu kwenye injini na gia boksi. Lilipendeza, dada! Likaenda Ismani. Siku ya tatu napigiwa simu. Nafika, nakuta sili ya ekseli ya nyuma imeachia, oili imeteremka kwenye rimu, rangi imevimba. Nikaigusa kwa ukucha, ikabanduka kama ganda la kitunguu, na chuma chini yake kinang'aa mafuta. Rangi haishiki juu ya oili. Nikafungua, nikabadili sili, nikakwangua upande mzima nikaanza upya. Tangu siku hiyo sipulizi rangi kwenye trekta ambalo halijamaliza msimu mmoja shambani.

DADA: Msimu mzima? Fundi, huku kwetu mvua zikianza Novemba ni mpaka Aprili au Mei. Chuma si kitaliwa? Nilifikiri nipake praima, ile rangi ya kwanza ya chini, lisubiri hivyo.

FUNDI: Hapo wengi ndipo wanapoumia. Praima ya kawaida ina vitundu, inanyonya maji. Ukiiacha kwenye mvua miezi mitatu, kutu inatembea chini yake huku wewe unaona kijivu safi. Bora rangi ya zamani uiache ilivyo, imelilinda miaka yote. Palipobaki chuma kitupu, sugua kwa brashi ya waya, paka grisi nyepesi. Ukianza kupiga msasa, uwe tayari kumaliza mpaka rangi ya mwisho.

DADA: Hakuna kabisa kisichosubiri?

FUNDI: Kipo. Mkilitenganisha katikati kubadili klachi, kuna kona ambazo mkono hautafika tena. Hizo zioshe kwa dizeli na brashi, kisha maji ya moto na sabuni, zikikauka futa kwa thina. Futa na kitambaa cheupe mpaka kitoke cheupe. Kikitoka na weusi, rudia, usijionee huruma. Halafu praima na kijivu chake kabla hamjaliunganisha. Ila pale moshi unapotokea injini, rangi ya kawaida itaungua. Panataka rangi ya kuvumilia joto.

DADA: Na boneti niipeleke mwezi gani?

FUNDI: Baada ya mavuno. Juni na Julai Mbeya ni kukavu lakini baridi kali, na umande ukitua kwenye rangi mbichi inapoteza mng'ao. Ukipuliza miezi hiyo, anza saa nne chuma kikishapata joto, saa tisa weka spreya chini. Mimi napenda Agosti. Shida yake upepo na vumbi, kwa hiyo mwaga maji sakafuni kwanza. Na kile kibati chenye namba ya kiwandani kifunike kwa utepe. Nimeona vingi vimezikwa kwenye rangi, halafu mtu anahangaika kutafuta spea.

DADA: Kuna kitu sijakwambia. Trekta hili liliwahi kupakwa bluu, sijui na nani. Juzi naliosha, kwenye digadi la kushoto ile bluu ikabanduka. Chini yake kuna maandishi meupe ya brashi: "Asante Mama." Ile A ina mkia. Baba aliandika A zake hivyo maisha yake yote.

FUNDI: Usipige msasa hapo.

DADA: Nilikaa chini pale pale, fundi.

FUNDI: Digadi linafungwa kwa bolti, linatoka lenyewe. Boneti na digadi la kulia tutapaka nyekundu. La kushoto tutaiondoa bluu kidogo kidogo kwa mkono, tupake nta ya gari, libaki na mwandiko wake.

DADA: Ndugu watasema halifanani na mwenzake.

FUNDI: Waonyeshe ile A.

DADA: Sawa. Basi tuanze na kulima. Plau lipo kwa jirani, na nyuma ya nyumba kuna shamba halijaguswa.

FUNDI: Jumamosi asubuhi nitakuwa hapo. Nitakuja na kitambaa cheupe, kila baada ya saa moja tunasimama, napapasa chini ya kila sili.